Mbele ya kutia nyoka mu mufuko, uliza karatasi iko na jina la nani

Mvua ikianza, nyoka zinatoka. Kila mutu mwenye anafanya kazi mu mugodi anajua hii jambo. Maji inajaza mashimo yao, zinapanda juu, zinajificha chini ya mbao, ndani ya bomba za zamani, hata ndani ya boti zenye mutu aliacha nje ya mulango. Na jibu letu linajulikana: fimbo, jiwe, jembe, kisha kelele ya furaha.

Lakini siku hizi kuko na sauti ingine. «Musiiue! Muniletee ile nyoka muzima, nitawalipa.» Wakati fulani ni enjenia mwenye alitoka mbali, mwenye anafuga nyoka ndani ya masanduku ya vioo kwake nyumbani. Wakati fulani ni mununuzi wa mujini, mwenye hapendi nyoka hata kidogo, lakini anajua mutu mwenye anazipenda. Kule Ulaya na Marekani, kufuga nyoka ni burudani sawa vile kwetu watu wanafuga njiwa. Wanazilisha, wanazipiga foto, wanahesabu aina zenye wako nazo na zenye zinakosekana bado. Siandike hapa juu ya kuwachekelea. Kila mutu iko na kitu chenye kinamufurahisha kisha kazi.

Swali la sendika ni lingine. Yeye anapenda nyoka, sawa. Lakini mukono wenye unaingia mu shimo ni wa nani? Na siku polisi ao nyoka yenyewe inakasirika, ni nani anabaki na shida? Sheria imeandikwa mu Kifaransa, mukono unasema Kiswahili. Ile njo sababu ya hii habari.

Nyoka haiko ya mwenye ameiona kwanza

Sisi watu wa migodi tunaweza kuelewa hii sheria mbio kuliko wengine. Unaweza kuishi juu ya kilima chenye kujaa malakiti, babu yako anazikwa pale, lakini mawe ya chini si yako. Kode ya Migodi ya mwaka 2002, yenye ilirekebishwa mwaka 2018, inaomba muchimbaji wa mukono akuwe na karata, na achimbe mu eneo lenye Serikali ilitenga kwa kazi ile. Bila karata, wewe ni mwizi mu macho ya sheria, hata kama jasho ni lako.

Wanyama wa pori ni vile vile. Ni mali ya inchi. Kuko sheria mbili zenye inafaa kujua. Ya kwanza ni ya tarehe 28 Mei 1982, nambari 82-002, yenye inapanga mambo ya kuwinda. Ya pili ni ya tarehe 11 Februari 2014, nambari 14/003, yenye inasema juu ya kulinda pori, wanyama na mimea. Watu mingi wanafikiri sheria ya kuwinda inaangalia paka mwenye kushika bunduki na kuua. Hapana. Kukamata munyama muzima, kumubeba, kumufunga nyumbani, kumuuza: mambo ile yote iko ndani.

Ile sheria ya 1982 inataja permi za namna mbalimbali. Kuko za wawindaji, kuko ya wakaaji wa kijiji, kuko ya kukamata wanyama kwa biashara, kuko ya kazi ya sayansi. Tafuta vizuri: hakuna permi yenye kuitwa «mimi napenda nyoka». Kupenda haitoshe. Mwenye anataka nyoka kwa burudani yake anaingia ndani ya moja ya ile milango yenye iko, ao anabaki inje. Na mwenye anauza, hata nyoka moja, ameisha kutoka mu burudani na kuingia mu biashara.

Permi iko na jina

Hapa njo watu wetu wanadanganywa. Mununuzi anatoa karatasi yenye stempu, anaitikisa mbele ya macho, anasema: «Munaona? Niko na ruhusa.» Vijana wanaingia mu majani.

Ndugu, permi ni ya mutu mwenyewe. Haiazimwe, haiuzwe. Ikiwa imeandikwa jina lake, inamulinda yeye, haikulinde wewe mwenye uko peke yako ku barabara na nyoka ndani ya mufuko wa bunga. Zaidi ya jina, angalia: karatasi inasema aina gani ya munyama? Ngapi? Pahali gani? Mpaka tarehe gani? Permi ya kukamata mijusi mu teritware fulani haifungue mulango wa kukamata chatu mu teritware ingine. Na permi ya sayansi haibadilike kuwa permi ya soko juu mwenye nayo amevaa miwani.

Kuko pahali penye hata usianze kubishana. Kwetu Katanga tuko na parke mbili za taifa: Upemba, yenye ilianzishwa mwaka 1939, na Kundelungu, ya mwaka 1970. Mipaka ya parke haifungwe na ukuta, na wachimbaji wanajua namna mutu anaweza kuivuka bila kuona. Lakini ndani ya parke, kukamata munyama ni kosa kubwa, ikuwe tembo, ikuwe nyoka ya urefu wa kidole. Walinzi wa ICCN wana haki ya kukushika. Sheria ya 2014 inaandika boloko na faini yenye inahesabiwa kwa mamilioni ya franga. Fanya hesabu: mununuzi alikuahidi ngapi?

Chatu inavuka Kasumbalesa

Tuseme sasa nyoka imekamatwa, na mununuzi anataka kuitoa inje ya inchi, kwa ndege ya Luano ao kwa lori ya Kasumbalesa. Hapa sheria ingine inaingia, ya dunia yote. Inaitwa CITES. Mataifa iliiandika Washington mwaka 1973, na inchi yetu, wakati ule Zaire, iliingia ndani mwaka 1976. Zambia nayo iko ndani. Kazi ya CITES kwetu iko mikononi mwa ICCN.

CITES iko na liste tatu. Liste ya I ni ya wanyama wenye wako karibu kuisha. Biashara yao kati ya mataifa, wale wenye kutoka mu pori, imekatazwa. Kasuku ya kijivu ya pori letu na kakakuona wako mule tangu mukutano wa mwaka 2016. Liste ya II inaruhusu biashara, lakini kwa permi ya kutoka inchi yenye munyama anatoka. Liste ya III ni ya wanyama wenye inchi moja iliomba zingine ziisaidie kulinda.

Chatu, ile Wabemba wanaita lusato, iko mu Liste ya II na familia yake yote, isipokuwa moja ya Azia yenye iko mu Liste ya I. Na si munyama muzima tu: ngozi yake vile vile. Kinyonga wa kwetu iko mu Liste ya II. Kobe za inchi kavu nazo. Kwa hiyo mutu mwenye anavuka mupaka na chatu bila permi ya CITES ameisha kuvunja sheria ya upande huu, na kisha hatua kumi anavunja ya upande wa pili.

Wanunuzi wajanja wanajua hii, na wako na jibu. «Koboko haiko mu CITES. Kifutu haiko mu CITES.» Ni kweli, haziko. Lakini CITES inaangalia mipaka ya mataifa. Sheria ya inchi yetu inaanza mbali mbele ya mupaka: inaanza pale mukono unagusa munyama. Mutu mwenye anakuambia nusu ya sheria, anakuambia ile nusu yenye inamufaa.

Wenye kujua nao wanakufa

Kukamata nyoka kwa halali kuliwezekana na kunawezekana. Kati ya 1946 na 1949, Mubelgiji Gaston-François de Witte aliongoza kazi kubwa ya sayansi ndani ya parke ya Upemba. Walikamata nyoka, mijusi na vyura kwa wingi sana, wakaandika kila moja ilitoka wapi, na vitabu vikatoka. Mpaka leo watu wenye wanataka kujua nyoka za Katanga wanarudilia vitabu vile.

Vyura ya ile kazi ilifika mbele ya macho ya Mumarekani mumoja, Karl Schmidt, wa muzeo ya Chicago. Alikuwa mutaalamu mukubwa wa nyoka, na miaka ya nyuma alikuwa ameandika juu ya nyoka za Kongo. Tarehe 25 Septemba 1957, pale Chicago, nyoka changa ya miti, ile Wazungu wanaita boomslang, ilimuluma ku kidole gumba. Aliona ni ndogo, hakuenda ospitali. Alirudia nyumbani, akaandika mu kitabu namna mwili wake unabadilika, saa kwa saa. Kesho yake alikufa. Kitabu cha vyura vya Upemba, chenye aliandika na mwenzake Robert Inger, kilitoka mwaka 1959, yeye haiko.

Ile boomslang iko kwetu vile vile, mu miti ya miombo. Serumu yenye inafaa kwa sumu yake inatengenezwa Afrika ya Kusini tu. Kompanyi moja ya Ufaransa, yenye ilikuwa inatengeneza serumu kwa nyoka mingi za Afrika, iliacha mwaka 2014. Shirika la Afya la Dunia linahesabu kama nyoka zinaua watu kati ya 81.000 na 138.000 kila mwaka duniani. Ikiwa mutaalamu alikufa mu muji wenye ospitali kubwa, kijana wa miaka kumi na sita mwenye kushika fimbo yenye kugawanyika ku ncha, kilometa makumi toka dispanseri, yeye anacheza na nini?

Na ile ya kujilinda?

Wamama wananiuliza: nyoka ikiingia mu nyumba penye mutoto analala, nilinde sheria ao nilinde mutoto? Linda mutoto. Sheria haimwazibu mutu mwenye ameua munyama kwa kuokoa maisha yake ao ya mwenzake. Lakini kujilinda kunaisha wakati hatari inaisha. Kuifuata nyoka mpaka mu shimo lake, kuitia mu ndoo na kutafuta mununuzi, ile haiko tena kujilinda. Nyoka yenye inapita njia yake, uiache ipite. Ni yenye inakula panya zenye zinakula mahindi yako.

Na mutu akilumwa: usikate, usifyonze, usifunge kamba ya nguvu, jiwe nyeusi haitoe sumu. Toa pete na boti, mulazishe, mukono ao muguu wenye kulumwa usitikisike, mbio ku ospitali. Ikiwa ni fira yenye inatema mate mu macho, osha na maji mingi.

Kazi yenye haikuandikwa

Sasa jambo lenye linagusa sendika kabisa. Mufanyakazi wa kompanyi analumwa na nyoka akiwa ku posti yake, akifanya kazi yenye alipewa: ile ni ajali ya kazi. Inapaswa kuandikwa na kutangazwa ku CNSS, na muke na watoto wako na haki zao. Lakini shefu anamuambia saa ya mapumuziko: «Niletee ile nyoka, nitakupa kitu kidogo.» Analumwa. Kesho yake, ni nani atasema kama ile ilikuwa kazi? Shefu atasema alikuwa anacheza. Karatasi hakuna, shahidi anaogopa kupoteza mukate, na mujane anazunguka ma ofisi.

Kwa hiyo tunasema hivi. Ikiwa kompanyi inataka nyoka zitolewe mu eneo la kazi bila kuuawa, ni jambo zuri, lakini ikuwe kazi ya kweli: watu wenye walifundishwa, chuma cha kushikia, boti ndefu, serumu yenye haijapita tarehe, na gari yenye iko tayari. Kode ya Kazi ya mwaka 2002 inaomba komite ya usalama na afya ku kazi. Wajumbe wetu walete hii jambo mule, waombe iandikwe mu prose-verbali. Na nyoka yenye kukamatwa inaachiliwa mu pori. Haiende mu sanduku la vioo la mutu.

Na mwenye anakamata inje ya kompanyi, akutane na mununuzi akiwa na maswali mane mu kinywa. Permi iko wapi, na iko na jina la nani? Inataja hii aina ya nyoka, na hapa pahali? ICCN inajua? Na nikilumwa, ni nani analipa ospitali, na ameandika wapi?

Mununuzi mwenye haki atajibu bila kukasirika, hata atafurahi kuona unajua. Mwenye hana, ataanza kuangalia saa yake. Umuache aende. Na ikiwa anapenda nyoka vile anasema, majani iko palepale: aingize mukono wake.