Afya bila daftari hupotea bila habari

Programu ya kompyuta iliyoanza kutumiwa Eldoret ina funzo kwa kila nyumba

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka analifahamu jambo hili vyema, na hata mama anayeuza maziwa huandika nani amelipa na nani bado. Lakini je, ni wangapi kati yetu walio na daftari la afya ya watu wa nyumbani mwao?

Hebu jiulize. Mtoto wako wa pili alichanjwa lini dhidi ya ukambi? Nyanya mnayeishi naye humeza dawa zipi za presha, na mara ngapi kwa siku? Je, kuna mtu nyumbani ambaye hapatani na dawa fulani? Katika nyumba nyingi majibu haya yote huwa kichwani mwa mtu mmoja tu, naye mara nyingi ni mama. Siku mama akiwa safarini, au akiugua yeye mwenyewe, atakayempeleka mtoto hospitalini atabaki kubahatisha mbele ya daktari.

Kubahatisha huku kuna hatari. Mgonjwa anaweza kupewa dawa inayomdhuru, au mtoto akakosa chanjo bila yeyote kutambua. Hospitali pia zina tatizo hili, na mji wa Eldoret, ambao wengi huujua kwa sababu ya wanariadha wake, ulichangia sana katika kulitafutia dawa.

Mwanzo wake Mosoriot

Mnamo Februari 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, kwenye barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kapsabet, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa katika kompyuta. Kazi hiyo ilifanywa na Chuo Kikuu cha Moi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Vifaa vilikuwa vichache, na betri za nguvu za jua ziliwekwa kwa sababu ya kupotea kwa stima. Hata hivyo, watafiti walipolinganisha hali ya awali na ile iliyofuata, waliona kwamba muda ambao mgonjwa alikaa kituoni ulikuwa umepungua kwa asilimia 22.

Mwaka huo huo wa 2001, mpango wa AMPATH ulianzishwa Eldoret ili kuwatibu watu wenye virusi vya Ukimwi. Wagonjwa waliongezeka haraka, na mitambo ya awali ikalemewa. Mwaka wa 2004, madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich kutoka Indiana walifika Eldoret, wakaiona hali hiyo, na kuanza kubuni programu mpya iliyopewa jina OpenMRS. Ilianza kutumiwa Eldoret mnamo Februari 2006. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa imefika Rwanda na Afrika Kusini. Leo inatumiwa katika nchi nyingi, na hapa Kenya ndiyo msingi wa KenyaEMR, mfumo wa rekodi unaotumiwa na hospitali na zahanati nyingi za serikali.

Bure, tena huru

Programu hii haiuzwi. Lakini kuna tofauti kati ya kitu cha bure na kitu kilicho huru. Simu yako huenda imejaa programu za bure ambazo mwenyewe huwezi kuzichungulia ndani kujua zinavyofanya kazi. OpenMRS ni ya bure na vilevile ni huru: mtaalamu yeyote anaweza kusoma jinsi ilivyoandikwa, kuirekebisha ifae zahanati yake, na kuwapa wengine. Ndiyo sababu wataalamu wa Kenya waliweza kuifanyia mabadiliko bila kununua kibali kutoka ng'ambo.

Kompyuta inapomkumbusha daktari

Faida yake kwa mgonjwa ni ipi? Utafiti ulioongozwa na Dkt Martin Were katika kliniki ya watoto mjini Eldoret, na kuchapishwa mwaka wa 2013, unatupa jibu. Watoto hao walikuwa na virusi vya Ukimwi au walizaliwa na mama wenye virusi. Kompyuta ilipitia rekodi ya kila mtoto na kuchapisha karatasi ya kumkumbusha daktari mambo yaliyopaswa kufanywa lakini yalikuwa yamepitwa na wakati, kwa mfano kipimo cha damu. Bila karatasi hiyo, ni asilimia 18 tu ya mambo hayo yaliyotimizwa. Kukiwa na karatasi, kiwango kilipanda hadi asilimia 68.

Fikiria tofauti hiyo, msomaji. Madaktari walikuwa na ujuzi wao wa kila siku, na karatasi haikuwafundisha tiba mpya. Iliwakumbusha tu. Ikiwa daktari mwenye shughuli nyingi husahau, sembuse mzazi anayeamka alfajiri kupika chai na kuwatayarisha watoto waende shule?

Hata simu ndogo ya 'mulika mwizi' inatosha kwa kazi hii. Katika utafiti mwingine uliofanywa nchini na kuchapishwa mwaka wa 2010, wagonjwa waliokuwa wameanza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi walitumiwa arafa kila wiki yenye neno moja: "Mambo?" Walitakiwa kujibu kama hali ni sawa au kuna shida, na mwenye shida alipigiwa simu na mhudumu. Waliotumiwa arafa walizingatia dawa zao kuliko wale ambao hawakutumiwa.

Ufanye nini nyumbani?

Huhitaji kununua chochote kikubwa. Anza hivi:

1. Nunua daftari moja na umpe kila mtu wa nyumbani kurasa zake. Andika tarehe yake ya kuzaliwa, magonjwa anayougua, dawa anazotumia na kipimo chake, na dawa zinazomdhuru. Ikiwa una kompyuta, programu huru ya LibreOffice itakuandalia jedwali la namna hiyo bila malipo.

2. Tunza kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Mtoto hupata chanjo za kwanza anapozaliwa, kisha katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chanjo ya ukambi hutolewa akiwa na miezi 9 na kurudiwa akiwa na miezi 18. Hii ya pili wazazi wengi huisahau kwa sababu mtoto tayari anakimbia uani. Tia tarehe hizo zote katika kalenda ya simu siku unayotoka hospitalini na mtoto mchanga.

3. Weka kengele ya simu kwa dawa za kila siku, hasa za presha, kisukari na kifua kikuu. Kengele hailipishwi wala haihitaji bando.

4. Piga picha kurasa muhimu za kijitabu, lakini usitupe karatasi. Simu huibwa, nayo karatasi hulowa. Ukiwa na vyote viwili, kimoja kikipotea kingine kipo.

5. Mwonyeshe mtu wa pili, awe baba, nyanya au kifungua mimba, mahali daftari linapokaa.

Tahadhari

Habari za afya ni siri ya mwenyewe. Sheria ya kulinda data ya mwaka wa 2019 inazihesabu miongoni mwa habari nyeti. Kwa hivyo usitume picha ya matokeo ya mtu katika kundi la WhatsApp la ukoo, hata kama nia yako ni kuomba maombi. Funga simu yako kwa nambari ya siri.

Pia, usibadilishe kipimo cha dawa wala kuiacha kwa sababu ya ulichosoma kwenye mtandao. Andika swali lako katika daftari na umuulize daktari au mwuguzi.

Mwisho, kumbuka kwamba kompyuta ya hospitali hujua tu yale iliyoambiwa. Haijui kwamba mtoto alitapika dawa usiku, wala kwamba nyanya huruka kidonge cha jioni kwa kuwa kinamfanya aamke mara kwa mara kwenda haja. Hayo unayajua wewe uliye naye nyumbani. Yaandike, na siku ya kliniki ubebe daftari.