Unatafuta cha kuchora? Anza na kibao cha mbuzi

WAKAZI wengi wa mijini waliopenda kuchora walipokuwa shule ya msingi huiacha kazi hiyo wanapofikia utu uzima. Baadhi yao hurejea baada ya miaka mingi, wakanunua daftari na penseli ya 2B, kisha wakakwama kwenye ukurasa wa kwanza. Swali linalowakwamisha ni moja tu: nichore nini?

Jibu linalowajia haraka ni zile picha wanazouziwa watalii: Mlima Kilimanjaro, twiga chini ya mgunga, jahazi wakati wa machweo. Kwa kuwa mkazi wa Tandika au Mwananyamala hana twiga mlangoni, hunakili picha ya kalenda au ya simu. Kosa huanzia hapo. Kamera imekwisha kumfanyia sehemu ngumu ya kazi, yaani kuchagua cha kutazama na kugeuza kitu chenye unene kuwa picha bapa. Yeye hubakiwa na kufuatisha tu, na kufuatisha hakumfundishi mtu kuona.

Somo bora liko jikoni. Chukua kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, ukikunjue na kukiweka sakafuni, kisha ukae hatua mbili kutoka kilipo. Ukikitazama kwa ubavu, utaona miguu yake ikipishana, na kati ya miguu hiyo kuna nafasi tupu zenye umbo la pembetatu. Usichore miguu. Chora zile nafasi tupu, moja baada ya nyingine, na miguu itajitokeza yenyewe mahali pake. Anayeanza hushangaa, kwa sababu alipojaribu kuchora miguu moja kwa moja ilikuwa mirefu au mifupi mno.

Sababu ni kwamba mkono hupenda kuchora kile akili inachokijua, si kile jicho linachokiona. Kila mtu anajua kwamba mdomo wa kikombe ni mviringo, kwa hiyo huchora duara kamili. Lakini kikombe kilicho mezani mbele yako kinaonyesha duaradufu, nayo huzidi kuwa bapa kadiri unavyoinama kukikaribia usawa wake. Ukiinama hadi jicho lilingane na ukingo, inabaki mstari tu. Mwalimu wa Kimarekani, Betty Edwards, katika kitabu chake cha mwaka 1979, aliwataka wanafunzi wanakili picha iliyopinduliwa chini juu, ili wasahau kwamba ni mtu na wafuate mistari. Maelezo yake kuhusu pande mbili za ubongo yamepingwa na wanasayansi, lakini zoezi lenyewe linasaidia.

Wapo watakaosema kwamba vyombo vya jikoni vitachosha. Giorgio Morandi, mchoraji wa Italia aliyefariki mwaka 1964, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake mjini Bologna akichora chupa, mitungi na makopo yale yale, akivisogeza kidogo kila mara. Leo kazi zake zimo katika makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani. Birika lako likitazamwa asubuhi, halafu saa 10 jioni, ni masomo mawili, kwa kuwa kivuli kimehama. Na umeme ukikatika, usilalamike upesi. Mshumaa mmoja huleta mwanga wa upande mmoja na kivuli kizito, jambo ambalo wachoraji wengine hugharamia taa ili kulipata.

Mkono ukishazoea, toka nje. Hapo ugumu unabadilika, kwani watu hawatulii. Anza na wale wasio na haraka: abiria aliyesinzia kwenye daladala, fundi cherehani aliyeinamia kitambaa, watu wanaosubiri kivuko pale Magogoni. Usianze na uso. Weka mstari mmoja wa mgongo, kisha mabega, kisha mahali uzito wa mwili ulipoegemea. Sekunde 30 zinatosha. Akiondoka kabla hujamaliza, mwache aende na uanze mwingine ukurasa huo huo. Kalamu ya wino ya kawaida inafaa kuliko penseli kwa kazi hii, maana haifutiki, nawe unalazimika kutazama kabla ya kuchora.

Adabu ni lazima. Muuza kahawa au mama lishe akikugundua, msalimie, mwonyeshe daftari na umwombe ruhusa; akikataa, funga. Mara nyingi atacheka na kukuuliza mbona umemnenepesha. Kaa mbali na kambi za jeshi na malango ya ofisi nyeti, kwani mtu anayetazama lango kwa muda mrefu huku akiandika kwenye daftari hawezi kukosa kuhojiwa.

Gharama isiwe kisingizio. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia hadibodi na rangi za kupaka baiskeli. Nyuma ya kalenda ya mwaka jana kuna karatasi nzuri ya bure.

Jambo la mwisho: kila ukurasa uandike tarehe na mahali. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021, na miezi michache baadaye, Oktoba, wamachinga waliondolewa kando ya barabara nyingi za jiji. Aliyekuwa amepita hapo kabla na kalamu yake, akachora meza ya viatu vya mitumba na mwavuli uliofungwa kwenye nguzo ya umeme, anajua hata mwavuli ule ulikuwa umeinamia upande gani.