Ubao wa Ivrea

Katika mji mdogo wa Ivrea, kaskazini ya Italia, uliopata sifa kwa taipureta za Olivetti, walikuwako mwaka 2005 walimu na wanafunzi wa chuo cha ubunifu ambao walichoshwa na bei ya vifaa vya kujaribia saketi, wakaunda ubao usiozidi kiganja cha mkono na kuupa jina la Arduino, yaani jina la baa walimozoea kukutana, ambayo nayo iliitwa hivyo kwa kumkumbuka mfalme aliyetawala Italia tangu 1002 hadi 1014. Chuo chenyewe kilikuwa karibu kufungwa, nao walichelea kazi yao isije ikapotea pamoja nacho. Basi wakaitoa ramani ya ubao hadharani, pamoja na programu zake, ili kila atakaye aisome, ainakili, aibadili, na hata auze alichokitengeneza, isipokuwa jina tu, ambalo walilihifadhi kuwa alama yao. Kwa rai yangu, uamuzi huo una thamani kuliko ubao wenyewe, maana fundi aliyenyimwa ramani hawezi kutengeneza kilichoharibika ila kwa kubahatisha.

Na tuitazame kazi ya ubao huo. Tuseme mtu ataka taa iwake yenyewe jua likichwa. Atachukua rezista ya mwanga, ambayo ukinzani wake hupungua ikimulikwa na huzidi gizani, aifuatanishe na rezista ya kawaida ya omu 10,000, ile ya mwanga ikiwa upande wa volti 5 na hii ya kawaida upande wa sifuri, kisha pale zinapokutana avute waya mpaka kwenye mojawapo ya pini 6 za kupimia katika ubao wa aina ya Uno. Chipu ya ATmega328P iliyomo huzigawa volti 5 katika ngazi 1,024, kila moja kama milivolti 4.9, hata programu ikasoma namba baina ya 0 na 1,023. Na kadiri giza linavyoingia ndivyo namba inavyoshuka. Je, taa iwake kwa namba gani? Hapana kitabu kiwezacho kujibu, kwani dirisha la mtu na dirisha la jirani yake hayapati mwanga sawa. Sharti akae hapo wakati wa magharibi, asome, arekebishe, na kesho yake asome tena.

Kwa sababu hiyo saketi ya majaribio hailehemiwi, bali huchomekwa katika ubao wa matundu, ambao chini yake vibanio vya chuma huyaunganisha matundu matano matano, na kosa huondolewa kwa kuung'oa waya mmoja. Waingereza huuita kwa jina la ubao wa kukatia mkate, maana mafundi wa redio wa zamani walivipigilia vifaa vyao juu ya mbao za jikoni hasa. Ila mwanagenzi asiiache rezista ya omu 220 mbele ya taa ya LED, akidhani kuwa ni ziada: hiyo ndiyo iushikayo mkondo kwenye miliampea 14 hivi, ilhali pini haifai kubebeshwa zaidi ya 20 kwa muda mrefu.

Lipo jambo ambalo insafu hainiruhusu kulinyamazia. Kabla ya Arduino, papo hapo Ivrea, mwanafunzi kutoka Kolombia, Hernando Barragán, alikwisha kuanzisha mwaka 2003 mradi wa ubao na programu za namna hiyo, ulioitwa Wiring, naye alijengea juu ya programu ya Processing, iliyoasisiwa Marekani na Casey Reas na Ben Fry mwaka 2001. Ubao wa Arduino ulirithi mengi kutoka kwa Barragán, wala jina lake halikutajwa kwa kadiri ya haki yake. Basi wewe msomaji, siku utakapotoa ramani ya kifaa chako kwa watu, yaandike juu yake majina ya wote uliotwaa kazi zao.