Vyuo vya Marekani: Je, shabiki achange ili mchezaji alipwe?

Septemba 2024, mashabiki wenye tiketi za msimu za timu ya futiboli ya Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, walipata habari iliyowagusa mfukoni. Bei ya tiketi za msimu wa 2025 ingepanda, na juu yake kungekuwa na ada mpya ya asilimia 10. Ada yenyewe ikapewa jina la wazi kabisa: ada ya vipaji. Yaani, hela ya kuwalipa wachezaji.

Aprili 2025, kabla msimu huo haujaanza, kwotabeki wao Nico Iamaleava, yule anayepanga mashambulizi na kurusha mpira, akaondoka. Iliripotiwa kwamba kulikuwa na mvutano kuhusu malipo. Akahamia UCLA, California.

Hapo ndipo swali linapouma. Shabiki ameombwa kutoa hela ili timu ibaki na nyota. Nyota ameondoka. Je, atoe tena?

Swali hili haliko Tennessee peke yake. Tangu 2021 limewagawa mashabiki wa michezo ya vyuo karibu kote Marekani. Lilianzaje, hela inapita wapi, na linawahusu vipi vijana wa Afrika Mashariki na Kongo wanaosoma na kucheza kule?

Ni chuo, lakini pesa ni za ligi kubwa

Ukisikia "timu ya chuo", usifikirie bonanza la wanafunzi Jumamosi jioni. Uwanja wa Neyland wa Tennessee unaingiza watu zaidi ya 100,000. Mwaka 2022, umoja wa vyuo unaoitwa Big Ten ulitangaza mikataba ya televisheni ya miaka 7 yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7.

Makocha nao wanakula vizuri. Novemba 2023, chuo cha Texas A&M kilimfukuza kocha wake, Jimbo Fisher. Kwa mujibu wa mkataba, alitakiwa kulipwa zaidi ya dola milioni 75 ili aondoke. Aondoke, si afundishe.

Na mchezaji je? Kwa miongo mingi alipata ada ya masomo, chumba, chakula na vitabu, basi. NCAA, chombo kinachosimamia sehemu kubwa ya michezo ya vyuo Marekani, kilisema hawa ni wachezaji wa ridhaa. Ukipokea hela ya tangazo, ulikuwa unahatarisha nafasi yako ya kucheza.

Nini kilibadilika?

Mabadiliko yalitoka mahakamani na kwa wanasiasa, hatua kwa hatua.

Mwaka 2009, Ed O'Bannon, bingwa wa kikapu wa vyuo wa mwaka 1995 akiwa na UCLA, aliishtaki NCAA baada ya kuona mchezaji anayefanana naye kwenye gemu ya video. Sura yake ilikuwa inauzwa, yeye hapati hata senti.

Mwaka 2019, jimbo la California lilipitisha sheria ya kuwaruhusu wanamichezo wa vyuo kuuza jina, sura na umaarufu wao. Haki hii ndiyo inayojulikana kwa herufi tatu: NIL. Majimbo mengine yakafuata.

Juni 2021, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, iliyohusu marupurupu ya masomo kwa wanamichezo. Siku chache baadaye, Julai 1, 2021, NCAA ikafungua mlango wa NIL kwa wachezaji wote wa vyuo vyake.

Kwenye karatasi, wazo lilikuwa rahisi. Mchezaji anatangaza viatu, anasaini jezi, anapata chake. Lakini mashabiki matajiri waliona upenyo mwingine.

Vikundi vya kuchangia vikazaliwa

Kama chuo hakiruhusiwi kumlipa mchezaji moja kwa moja, nani amlipe? Jibu lilikuwa vikundi vya kuchangia. Hivi ni vyombo vilivyo nje ya chuo, vinavyoendeshwa na wafanyabiashara, wahitimu na mashabiki wa timu. Tajiri anaweka mamilioni, shabiki wa kawaida anaweka kidogo kila mwezi. Kikundi kinampa mchezaji "kazi": kusaini picha, kutembelea hospitali ya watoto, kurekodi video fupi. Kisha kinamlipa.

Ni kama mchango wa harusi, ila bwana harusi ni timu nzima na harusi haiishi.

Desemba 2021, kikundi kimoja cha mashabiki wa Chuo Kikuu cha Texas kilitangaza dola 50,000 kwa mwaka kwa kila mchezaji wa safu ya ulinzi wa kwotabeki mwenye ufadhili wa masomo. Julai 2022, kikundi cha Texas Tech kikatangaza dola 25,000 kwa kila mmoja wa wachezaji 100 wa futiboli.

Wakati huohuo sheria za kuhama chuo zililegezwa. Mchezaji akisikia dau kubwa upande wa pili, anafunga begi. Mchango wa shabiki ukageuka silaha ya usajili.

Wanaosema "tuchange" wana hoja gani?

Hoja ya kwanza ni haki. Wachezaji hawa ndio wanaojaza viwanja na kuumia magoti. Wengi hawatafika ligi za kulipwa, kwa hiyo miaka ya chuo ndiyo dirisha lao pekee la kupata kitu. Kama mfumo ulikuwa hauwalipi, shabiki anayewapenda atafanya nini zaidi ya kutoa?

Hoja ya pili ni ushindani. Usipochanga wewe, mpinzani wako anachanga. Msimu wa 2024, kikosi cha Ohio State kilitajwa na mkuu wa michezo wa chuo hicho kuwa kiliwapatia wachezaji takriban dola milioni 20. Januari 2025 wakabeba ubingwa wa taifa. Mashabiki wa timu nyingine walipoona hivyo, walipata somo moja tu: ubingwa una bei.

Hoja ya tatu ni ya moyoni. Timu ya chuo ni ya nyumbani. Baba alisoma pale, dada alisoma pale. Kuchangia ni kama kukarabati paa la nyumba ya ukoo.

Wanaosema "hapana" nao?

Hawa huanza na kocha. Chuo chenye dola milioni 75 za kumlipa mtu aondoke, wanauliza, kinamwombaje fundi magari dola 20 kila mwezi?

Pili, shabiki analipa mara nyingi. Analipa tiketi, maegesho, jezi na televisheni. Mapato yote hayo yanaingia kwenye timu. Kumwomba tena ni kumwambia alipe mshahara wa mpishi baada ya kulipa bili ya chakula.

Tatu, hakuna uhakika. Septemba 2024, Matthew Sluka, kwotabeki wa chuo cha UNLV cha Las Vegas, aliacha kuichezea timu baada ya mechi 3 tu, zote walizoshinda. Alisema ahadi alizopewa hazikutimizwa, na wakala wake akataja dola 100,000. Chuo kwa upande wake kilisema madai ya pesa yaliyotolewa yalikuwa kinyume cha kanuni. Nani alikuwa mkweli? Shabiki aliyechanga hakuwa na njia ya kujua, kwa sababu mikataba mingi ya aina hii huwa siri.

Nne, kodi. Vikundi vingi vilijisajili kama mashirika ya hisani, ili anayetoa apate nafuu ya kodi. Juni 2023, mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, ilitoa waraka ikisema vikundi vingi vya namna hiyo havistahili hadhi ya hisani, kwa sababu faida kubwa inaenda kwa wachezaji binafsi, si kwa jamii. Kwa lugha nyepesi: kumlipa kwotabeki si sadaka.

Sasa vyuo vinalipa vyenyewe. Mbona bado wanaomba?

Juni 6, 2025, Jaji Claudia Wilken wa California aliidhinisha makubaliano ya kumaliza kesi inayoitwa House dhidi ya NCAA. Mambo makubwa ni haya:

- Kuanzia Julai 1, 2025, chuo kinaweza kugawana mapato na wachezaji wake moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza.
- Fidia ya takriban dola bilioni 2.8 italipwa kwa miaka 10 kwa waliocheza tangu 2016.
- Mkataba wa NIL wa kuanzia dola 600 na mtu wa nje lazima uripotiwe na kukaguliwa kama ni biashara ya kweli.

Ungedhani hapo shabiki anapumua. Hapana.

Kwanza, milioni 20.5 ni kikomo. Si hela zilizopo benki. Chuo lazima kizitafute. Ndiyo maana ada kama ile ya Tennessee ikaja. Mchango uliokuwa wa hiari unaweza kuingia kwenye bei ya tiketi, na hapo huulizwi tena kama unataka.

Pili, mikataba halali ya nje haihesabiwi ndani ya kikomo. Kwa hiyo timu yenye wafadhili wakubwa bado inaweza kuwazidi wenzao. Mlango wa vikundi ulibanwa kidogo, lakini haukufungwa.

Tatu, mgawo wenyewe. Hesabu inayotajwa sana ni asilimia 75 kwa futiboli, 15 kwa kikapu cha wanaume, 5 kwa kikapu cha wanawake, na 5 iliyobaki kwa michezo mingine yote. Baadhi ya wanamichezo wa kike walikata rufaa kupinga mgawo wa fidia, wakisema unawanyima haki.

Vijana wa huku wanaingia wapi?

Kwenye ile asilimia 5 ya mwisho, wengi wao. Wakenya wamekuwa wakikimbia kwenye vyuo vya Marekani kwa zaidi ya miaka 50. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State mwaka 1978 alipovunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81. Mtanzania Suleiman Nyambui alikimbilia chuo cha UTEP, Texas, na mwaka 1980 akapata medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow. Juni 2025, Mkenya Doris Lemngole wa Chuo Kikuu cha Alabama alishinda mbio za kuruka viunzi na maji kwa dakika 8:58.15, mwanafunzi wa kwanza wa vyuo vya Marekani kushuka chini ya dakika 9.

Lakini riadha haijazi viwanja vya watu 100,000, na mchango wa mashabiki huenda kwanza kwa futiboli.

Kuna kikwazo kingine: visa. Wanafunzi wengi wa kigeni wako kwa visa ya F-1, ambayo inabana sana kazi nje ya chuo. Mkataba wa NIL ukihesabiwa kuwa kazi, mwanafunzi anaweza kupoteza visa. Mmarekani anayekaa naye chumba kimoja anasaini bila wasiwasi, yeye anatafuta mwanasheria.

Oscar Tshiebwe analijua hili. Mzaliwa huyu wa Lubumbashi, Kongo, alikuwa mchezaji bora wa kikapu wa vyuo Marekani mwaka 2022 akiwa na Kentucky. Timu yake ilipokwenda Bahamas Agosti mwaka huo, aliitumia safari hiyo kufanya kazi za matangazo nje ya ardhi ya Marekani. Mchezaji bora nchini ilibidi avuke maji ili apate hela ambayo wenzake waliipata palepale chuoni.

Kabla ya kutoa

Mjadala hautaisha leo, na pande zote mbili zina hoja. Ukweli mmoja ni huu: mchezaji kulipwa si kosa tena. Ugomvi uliobaki ni nani alipe, na kwa uwazi gani.

Kama una ndugu kule anayeshabikia timu ya chuo, au wewe mwenyewe umeombwa kuchangia, maswali haya yatakusaidia:

- Hela inapokelewa na nani: chuo, kikundi cha nje au kampuni?
- Inakwenda kwa mchezo gani? Kwa timu ya wanawake? Kwa riadha?
- Kiasi gani kinabaki kwa waendeshaji?
- Mchezaji akihama kesho, mchango wako unabaki wapi?

Kama hakuna anayeweza kukujibu, tiketi uliyonunua inatosha. Hiyo angalau unajua inakupa nini: kiti, dakika 60 za mchezo, na haki ya kupiga kelele.