Kumsikiliza Mwenye Dhiki ni Tiba

Ndugu Waislamu, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kutafuta tiba, kwani kila maradhi yana dawa. Maradhi ya akili nayo ni maradhi. Huko Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda, tabibu wa maradhi hayo, alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua. Familia yake ilikosa nauli ya kumfikisha hospitali. Mwaka 2006 akaanza kuwafunza akina bibi 14 wa Mbare, Harare, kuwasikiliza wenye dhiki kwenye mabenchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa hivyo walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Basi tusimwite mgonjwa mwenye imani haba, wala tusimfiche ndani. Tumwombee dua, tumsikilize, tumpeleke hospitali, na nauli tumchangie. Wallahu a'lam.