Maafa Dodoma: Kipi Kweli, Kipi Si Kweli?

Taja maafa mbele ya mtu wa Dodoma, naye atakutajia njaa. Ana haki. Mkoa huu hupata takriban milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, tena kwa msimu mmoja tu, kati ya mwishoni mwa Novemba au Desemba na Aprili. Lakini kuikodolea macho njaa peke yake kumewafanya wengi wasiyaone maji, ardhi na kuvu. Zifuatazo ni kauli nane zinazosikika vijiweni na kwenye mabasi, kutoka Kongwa hadi Chemba. Tuzipime moja moja.

1. “Huku ni kukavu. Mafuriko ni ya Kilosa na Rufiji.”

SI KWELI. Ukavu wenyewe huchangia mafuriko. Udongo uliochomwa na jua miezi saba hushikana ukawa mgumu, na mvua kubwa za mwanzo badala ya kuzama hutiririka. Litazame korongo lolote wakati wa kiangazi: mchanga mtupu, watoto wanacheza mpira, akina mama wamechimba visima vya kuteka maji, na njia ya mkato kwenda mnadani inapita katikati. Mvua ikipiga milimani, korongo hilohilo hufurika ghafla huku kijijini jua linawaka. Kwa hiyo “hapa haijanyesha” si kipimo cha usalama. Maji ya kasi yanayofika magotini yanatosha kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60 hubeba gari.

Na hayo ya Kilosa nayo yana asili. Mto Kinyasungwe hukusanya maji ya Dodoma, hupita Gulwe na Godegode wilayani Mpwapwa, kisha hushuka Kilosa ukiitwa Mkondoa. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyowaacha maelfu bila makazi Kilosa na kuiharibu Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, yalibeba maji ya huku. Usijenge ukingoni mwa korongo, na ukilikuta limejaa, kaa chini usubiri. Mara nyingi hupungua baada ya saa chache.

2. “Radi hutumwa, na nguo nyekundu huivuta.”

SI KWELI. Radi ni umeme uliokusanyika mawinguni unaotafuta njia ya kufika ardhini. Hupenda kilicho kirefu na kilichosimama peke yake. Rangi ya nguo haiijui. Wala kufunika kioo nyumbani ili kuikwepa radi hakumsaidii kijana wa mifugo aliyejibanza chini ya mbuyu. Ukisikia ngurumo, radi iko karibu vya kutosha kukupiga: ingia kwenye nyumba imara au ndani ya gari lililofunikwa, na usubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Tena aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguse, msaidie apumue, mkimbize hospitali.

3. “Tetemeko ni la Bukoba, si la kwetu.”

SI KWELI. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba, ndiyo maana linakumbukwa. Lakini Dodoma nayo imekaa kwenye mkondo wa mashariki wa Bonde la Ufa, na nyufa za ardhi zilizo hai zinapita Bubu, Hombolo na milima ya Chenene. Novemba 2002 tetemeko la ukubwa wa karibu 5.5 liliutikisa mkoa huu.

Linaloua aghalabu ni nyumba. Chukua tembe: juu ya boriti na fito kuna udongo mzito. Paa likivuja, mwenye nyumba huongeza udongo mwingine, msimu hadi msimu, huku chini mchwa wanakula nguzo. Siku ardhi ikitikisika, uzito wote huo unakaa juu ya nguzo zilizoliwa. Nyumba ya tofali zilizoungwa kwa udongo, isiyo na lenta, haina nafuu kubwa. Kabla ya masika kagua nguzo zako na ubadilishe zilizooza, punguza udongo juu ya paa, na kitanda cha watoto usikiweke chini ya ukuta wenye ufa. Ukitikiswa ukiwa karibu na mlango wa nyumba ya udongo, toka nje uwanjani. Ukiwa mbali nao, jikinge kichwa chini ya meza au kitanda imara.

4. “Katesh ulikuwa mlipuko wa volkano.”

SI KWELI. Desemba 3, 2023 matope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliufunika mji wa Katesh, mkoani Manyara, na zaidi ya watu 80 wakafa. Hanang ni mlima wa volkano ya zamani, na uvumi ukaanzia hapo. Wataalamu waliochunguza walisema sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua nyingi, ikamomonyoka. Tofauti hii ina maana kubwa kwa kaya, kwa sababu mlima unaoporomoka kwa mvua huweza kutoa dalili: nyufa mpya mteremkoni, miti iliyoinama, kijito kinachogeuka tope ghafla au kukauka wakati mvua inanyesha. Anayeishi chini ya mlima akiziona dalili hizo, ahamishe watu kwanza, vyombo baadaye.

5. “Njaa huletwa na ukame.”

NUSU KWELI. Ukame hupunguza mavuno. Njaa huhitaji mkono mwingine. Ugogo inaikumbuka njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920, inayokadiriwa kuua watu 30,000 katika jamii ya watu 150,000 hivi. Mvua zilikosekana, ndiyo, lakini kabla yake majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka, na wanaume wakafanywe wapagazi. Ukame ulikuta kaya zimeshanyang'anywa akiba.

Leo akiba tunaitoa wenyewe. Fanya hesabu hii: kaya inayopika kilo 3 za unga kwa siku inahitaji kilo 1,095 kwa mwaka, yaani karibu magunia 11 ya kilo mia. Ukivuna magunia 12, unaloweza kuuza ni moja. Atakayeuza matano mwezi wa Juni kwa bei ya mavuno atanunua mengine Januari kwa bei ya njaa, kama pesa bado ipo. Na kwenye shamba lisilo na maji ya uhakika, uwele na mtama viwe na sehemu yake. Mahindi yakikosa mvua wakati wa kutoa mbelewele, msimu umekwisha. Uwele na mtama huvumilia zaidi.

6. “Akiba haiozi.”

NUSU KWELI. Haiozi ikitunzwa. Mwaka 2016, watu zaidi ya 60 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua wakitapika, macho ya njano na tumbo limejaa. Takriban 20 walifariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu kwenye mahindi, mengi yakiwa yamelimwa na kutunzwa na kaya zenyewe. Kuvu anayetoa sumu hiyo huvamia zao lililoteswa na ukame likiwa bado shambani, kisha hustawi ghalani likihifadhiwa bichi.

Wengi huamini kuchemsha kunamaliza sumu. Hakumalizi. Kukoboa huipunguza, hakuiondoi. Na ukimlisha ng'ombe wa maziwa mahindi hayo, sumu inarudi kwako kwenye kikombe cha mtoto. Anika juu ya turubai au kichanja, usianike chini. Chagua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu uzitupe. Hifadhi mahindi au karanga zikiwa zimekauka kabisa, kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya vichanja, mbali na ukuta.

7. “Kupanda na kutunza miti kunapunguza maafa.”

KWELI. Ushahidi uko Kondoa. Makorongo yalikuwa yameichana ardhi kiasi kwamba mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Uoto ukarudi. Kufukuza mifugo kuliwaumiza wafugaji, na si lazima turudie njia hiyo. Leo vijiji vingi vya Dodoma vinafuata kisiki hai: mkulima anachagua chipukizi chache kwenye kisiki kilichokatwa, anapogolea zilizobaki, mti unakua kwa mizizi iliyokwisha kushika. Hakuna mche wa kununua wala wa kumwagilia.

8. “Maafa ni kazi ya Serikali.”

NUSU KWELI. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa, na mwananchi ana haki ya kuuliza kamati yake imekutana lini na imepanga nini. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za msimu kabla Novemba haijaanza. Zimamoto na Uokoaji hupokea simu kwa namba 114. Lakini saa ya kwanza, kabla gari halijafika kijijini, mwokoaji ni jirani.

Maafa mengi ya Dodoma huja masika, na kinga yake hutengenezwa kiangazi. Basi kabla ya Novemba kaa na familia yako mkubaliane mambo manne: nani atamshika bibi na nani atawashika watoto maji yakija, mtakutania wapi, vyeti na kadi za kliniki vitakaa kwenye mfuko gani wa plastiki, na gunia lipi haliuzwi kwa shida yoyote. Kisha mwendee mwenyekiti wa kijiji, umuulize habari za kamati ya maafa. Kama haipo, idai.