Watalii, parki na shamba letu: tuyaelewe mabishano juu ya Virunga kabla ya kunyoosha mkono



Kila mara ninapofika kufundisha juu ya mbegu ya maharagi katika vijiji vilivyo kando ya Parki ya Taifa ya Virunga, mazungumzo hayaishii kwenye maharagi. Mzee mmoja atanyoosha mkono: "Sasa agronomi, na hii parki unasema nini?" Mama mwingine ataongeza kwamba tembo wamemaliza mahindi yake. Kijana naye atasema anangojea watalii warudi apate kazi. Kabla ya saa moja kupita, kila mutu yuko na parki yake kichwani, na hakuna anayemsikia mwenzake.

Katika ukurasa huu sitawaambia mchague upande gani. Ninataka tuelewe mambo matatu: watu wanabishana juu ya nini, pesa za watalii zinatembea namna gani, na ushirika unaweza kudai nini bila ugomvi na bila kudanganywa. Kwa sababu siku mradi utakapokuja, mkutano utaitwa. Wanaokwenda mkutanoni bila kujitayarisha wanarudi na soda tu.

Parki ilitoka wapi

Virunga ilianzishwa mwaka 1925, wakati wa Wabelgiji, kwa jina la Parki Albert. Mwanzoni lilikuwa eneo dogo la kulinda gorila kwenye milima ya volkano. Kisha mipaka yake ikapanuliwa, na leo iko na kilometa za mraba karibu 7,800, kutoka upande wa Goma mpaka kwenye mlima Ruwenzori. Jina la Virunga lilikuja mwaka 1969. Mwaka 1979 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia, na tangu 1994 iko katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Shikeni lile neno "ikapanuliwa". Hapo ndipo mizizi ya mabishano mengi. Katika vijiji vingi wazee wanasimulia kwamba babu zao walilima mahali ambapo leo ni parki. Leta nayo inaonyesha karatasi ya mpaka. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja: karatasi ni halali, na babu alilima pale. Mkutano unaoanza kwa kumwita mzee mwongo, au kwa kuichana karatasi, hautafika mbali.

Leo parki inaongozwa na ICCN, taasisi ya Leta, ikishirikiana na Fondation Virunga. Ni vizuri kujua hivyo, ili barua yenu ya ushirika ifike mahali panapofaa.

Watu wanabishana juu ya nini

*Nani anaruhusiwa kuingia.* Mtalii analipa, anapewa magardi wa kumsindikiza, anaingia. Mama wa kijiji akiingia kutafuta kuni, anakamatwa. Sheria iko na sababu yake: mtalii anatoka jinsi alivyoingia, lakini miti ikikatwa kila siku kwa ajili ya makala ya kuuza Goma, msitu unakwisha. Hata hivyo mama yule anaona tu kwamba mlango umefunguliwa kwa mgeni na kufungwa kwake. Ukiieleza sheria bila kumwonyesha atapata wapi kuni, hujamjibu kitu.

*Kinachojengwa.* Kuna mahali pa kulaza wageni Rumangabo, Bukima, na kwenye kisiwa cha Tchegera katika Ziwa Kivu. Wengine wanataka barabara na hoteli ziongezeke, kazi ipatikane. Wengine wanaogopa kwamba kila barabara mpya inafungua njia kwa wakata miti na wawindaji. Wote wawili wako na hoja.

*Umeme.* Mwaka 2015 kituo cha Matebe, Rutshuru, kilianza kutoa umeme wa megawati 13.8 kutokana na mto. Wazo ni hili: watu wakipata umeme, makala itapungua na kazi itaongezeka. Ubishi unakuja pale ambapo waya unapita juu ya kijiji kwenda mjini, na kijiji chenyewe kinabaki gizani, au umeme unafika lakini pesa ya kuunganisha nyumba inashinda uwezo wa mkulima.

*Petroli.* Kampuni ya Uingereza ya SOCO ilitafuta petroli upande wa Ziwa Edward, ikasimamisha kazi mwaka 2014 baada ya kelele kubwa hapa kwetu na huko nje. Mwaka 2022 Leta ilitangaza kuuza vitalu vya petroli, na vingine viligusa Virunga. Mwaka 2024 mnada huo ulifutwa. Kwa hiyo tusidhani neno hili limekufa kabisa. Linaweza kurudi.

Dola za mtalii: tuhesabu pamoja

Gorila wa milimani waliobaki duniani ni zaidi ya 1,000 kidogo tu, katika nchi tatu: yetu, Rwanda na Uganda. Wageni hawaendi kuwaona kwa makundi makubwa. Wanakaa nao saa moja, na kwetu Virunga wanavaa barakoa, kwa sababu mafua ya mutu yanaweza kumwua gorila. Maana yake idadi ya wageni ina kikomo. Mutu akiwaambia kwamba watalii watakuja kwa maelfu kila siku msituni, mwulizeni maswali.

Kibali cha kuona gorila Virunga kiliuzwa dola 400. Rwanda kinauzwa 1,500 tangu 2017, Uganda 800. Nchi hizo ziko na kanuni ya kugawana na vijiji: Rwanda inatoa asilimia 10 ya mapato ya utalii wa parki, Uganda asilimia 20 ya pesa za kuingilia mlangoni. Virunga imetangaza asilimia 30 ya mapato ya utalii kwa miradi ya wanavijiji.

Asilimia 30 ni nyingi kuliko 10, sivyo? Polepole. Ulizeni kwanza: ni asilimia 30 ya nini? Tufanye hesabu ya mfano.

Tuseme wageni 100 wamelipa dola 400 kila mmoja. Jumla ni dola 40,000. Asilimia 30 ya pesa zote zilizoingia ni dola 12,000. Lakini ikiwa gharama zinatolewa kwanza, tuseme dola 25,000 za mishahara, magari na chakula, zinabaki 15,000, na asilimia 30 yake ni dola 4,500. Neno ni lile lile, "asilimia 30", lakini pesa zimepungua zaidi ya nusu. Kwa hiyo komite iandike katika daftari: asilimia ngapi, ya pesa zipi, inagawanywa na nani, na vijiji vinaonyeshwa hesabu lini.

Utalii ni zao linaloogopa baridi

Hapa ninasema kama agronomi. Tunajua mazao yanayovumilia, kama mihogo, na mazao yanayokufa usiku mmoja. Utalii uko katika kundi la pili.

Mwezi wa tano 2018, gardi kijana Rachel Masika Baraka aliuawa akiwalinda wageni, na watalii wawili wakatekwa nyara kisha wakaachiliwa. Parki ilifungwa kwa watalii mpaka mwezi wa pili 2019. Mwezi wa tatu 2020 ikafungwa tena kwa sababu ya Korona. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka. Kisha vita ikarudi Rutshuru. Katika miaka mia ya parki, magardi zaidi ya 200 wamepoteza maisha. Nao ni watoto wa vijiji vyetu.

Kwa hiyo, ushirika ukipata nafasi ya kuuza mboga, mayai, kahawa au jibini kwenye kambi ya wageni, chukueni nafasi hiyo, lakini fuateni mambo haya:

- Musigeuze shamba lote kwa ajili ya mgeni. Limeni kwanza kile ambacho soko la kijiji na la mji litanunua hata watalii wasipokuja. Karoti, vitunguu na viazi vinauzika popote. Mboga za kigeni ambazo hakuna mutu wa hapa anakula, limeni kidogo tu, na kwa oda iliyoandikwa.
- Kambi inataka kidogo kidogo na kila wiki, haitaki magunia kumi siku moja. Pangeni zamu ya kupanda: wamemba watano wapande leo, watano baada ya wiki mbili.
- Dai malipo kwa siku inayojulikana. Kambi ikifungwa kwa ghafla, nani anabeba hasara ya mboga iliyo shambani? Liandikwe katika mkataba.
- Ushirika uwe na karatasi zake. Kongo iko katika OHADA tangu 2012, na ushirika ulioandikishwa kwa sheria hiyo unaweza kutia sahihi mkataba kwa jina lake. Kikundi kisicho na karatasi kinategemea uzuri wa moyo wa mnunuzi.

Pale shamba na parki vinapogusana

Wengi hawatauza hata karoti moja kwa mtalii. Wao parki wanaijua kwa miguu ya tembo, mbogo na nyani. Parki imeanza kuweka ua wa umeme katika sehemu kadhaa. Ua unasaidia dhidi ya wanyama, lakini pia unachora mpaka wazi kabisa, na pale ambapo mpaka wenyewe unabishaniwa, ua unawasha moto. Ndiyo maana mazungumzo ya mpaka yanapaswa kutangulia nguzo.

Wakati tunangoja, kuna mambo ya shamba yanayosaidia. Mahindi, ndizi na miwa ni karamu kwa tembo: yasiwe mstari wa kwanza kando ya parki. Mstari huo uweke zao ambalo wanyama hawalipendi, kama pilipili, au pareto na chai pale ambapo mwinuko unaruhusu. Mizinga ya nyuki iliyofungwa kwenye waya kati ya nguzo imesaidia katika nchi nyingine za Afrika, kwa sababu tembo anaogopa nyuki, na asali mnaivuna wenyewe. Haizuii kila mnyama, lakini inapunguza hasara.

Na hasara ikitokea, iandikwe. Tarehe, zao, upana wa sehemu iliyoharibiwa kwa hatua, picha ya simu, sahihi ya mkubwa wa kijiji. Malalamiko yanayosemwa kwa mdomo tu yanapotea. Daftari la mwaka mzima linasikilizwa.

Upande wa Ziwa Edward kuna somo lingine. Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma ni vituo vya uvuvi vilivyoruhusiwa ndani ya parki. Katika miaka ya 1970 viboko wa Virunga walihesabiwa zaidi ya 20,000. Vita na uwindaji viliwapunguza mpaka chini ya 1,000 katika miaka ya 2000. Mavi ya kiboko ni mbolea ya ziwa: yanalisha vijidudu vya mayi, na vijidudu vinalisha samaki. Mvuvi aliyenunua nyama ya kiboko kwa bei rahisi alikula pia samaki wa mtoto wake. Parki si ya mtalii peke yake. Mayi, mvua na samaki vinatufikia hata mwaka ambao hakuna mgeni anayekuja.

Maswali ya kubeba mkutanoni

Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inadai kwamba mradi mkubwa ufanyiwe utafiti wa athari kwa mazingira na kwa watu, na wananchi waulizwe maoni yao. Kuulizwa si zawadi, ni haki yenu. Mradi wowote ukija, wa hoteli, barabara, ua au umeme, ulizeni:

1. Utafiti wa athari uko wapi, na nani ataueleza kwa Kiswahili na kwa lugha ya hapa?
2. Mpaka unaotumiwa ni upi? Twende tuuone kwa macho, pamoja na wazee.
3. Kazi ngapi ni za kudumu, ngapi ni za kujenga tu? Wanawake watapata ngapi?
4. Kijiji kitapata asilimia ngapi, ya pesa zipi, na hesabu itasomwa lini mbele ya watu?
5. Parki ikifungwa kwa sababu ya vita au ugonjwa, ni ahadi zipi zinabaki?
6. Nani anapokea malalamiko, na anajibu katika siku ngapi?

Muwatume watu wawili, mmoja awe mama, kwa sababu mama ndiye anayejua kuni zinatoka wapi na mayi yanachotwa wapi. Wasitie sahihi siku hiyo hiyo. Karatasi ya mahudhurio mara nyingine inageuka kuwa karatasi ya kukubali: someni kichwa chake kabla ya kuandika jina. Warudi na nakala, isomwe mbele ya wamemba wote, ndipo ushirika utoe jibu kwa maandishi.

Mzee yule aliyeniuliza ninasema nini juu ya parki, jibu langu ni hili: mpaka tunaweza kuuzungumza, pesa tunaweza kuzihesabu, lakini msitu ukikwisha na udongo ukateremka mlimani, hakuna mkutano utakaourudisha. Tukae mezani mapema, tukiwa na daftari mkononi.